Boti Niliyoichagulia Bwawa la Visiki

Siku niliyoripoti kazini Mbeya sikupewa meza wala kiti. Nilipewa ndoo mbili nikaonyeshwa mto. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka kwetu, upande wa Tosamaganga, msichana wa Kihehe mwenye cheti kipya cha uvuvi na viatu vya kisigino ambavyo tope la milimani liliviharibu kabla ya saa sita mchana. Kituo chetu cha kutotolea vifaranga vya samaki kilikuwa banda la mabati lenye matangi manne ya saruji, na maji yaliyopita humo yalikuwa ya baridi kiasi kwamba ukizamisha mkono kwa dakika mbili unasahau kama ni wako. Wanavijiji walikuwa wamezoea Bwana Shamba na Bwana Samaki. Waliponiona walishauriana kidogo, wakaamua kuniita Bibi Samaki, na jina hilo nimekuwa nalo mpaka mwezi uliopita nilipokabidhi funguo.

Habari za mabwawa na vifaranga mtazipata kwa wengine. Mimi nataka kuwaandikia ninyi mliobaki kazini habari ya boti moja, kwa sababu katika jalada la kituo mtaikuta imeandikwa vibaya, na aliyeiandika vibaya ni mimi.

Aliyenionyesha mto ule alikuwa Mzee Anyosisye, Mnyakyusa wa Rungwe, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa askari wa mto tangu enzi za wakoloni. Kazi yake wakati huo ilikuwa kuwalinda trauti, samaki walioletwa na wazungu kutoka kwao, wasivuliwe na wenye nchi. Uhuru ulipokuja aliachiwa mito ileile na samaki walewale, ila sasa akawa analinda mali ya umma. Nilimuuliza kulikuwa na tofauti gani. Akasema samaki hawakuona tofauti yoyote, na yeye alipewa koti jipya.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, cheti changu kikiwa sandukuni. Alinifundisha kutengeneza nzi wa bandia kwa manyoya ya shingo ya jogoo mwekundu, nywele za mbuzi na uzi wa cherehani, vyote vikifungwa kwenye ndoana ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Jogoo wa kituo tulimtunza kuliko Landrova. Alinifundisha kurusha mshipi, ambao ndio wenye uzito, maana nzi mwenyewe hana uzito wowote. Unaupeleka nyuma, unaungoja unyooke, halafu unaupeleka mbele ili nzi atue juu ya maji kama aliyechoka kuruka. Mwezi mzima nilinasa miti, na mara moja nikanasa sikio lake. Aliitoa ndoana mwenyewe kwa koleo, akanirudishia, akaniambia niendelee.

Vijana mnaweza kudhani tulikuwa tunastarehe kwa fedha za wananchi, kwa hiyo nieleze. Kila msimu wa kipupwe tulihitaji trauti majike waliojaa mayai, tuwakamue, tutotoleshe vifaranga, tuvipande katika mito ya Mbeya na Iringa. Majike wazuri walikuwa Mufindi, katika bwawa moja lililozibwa bondeni chini ya mashamba ya chai. Waliolijenga walifungia maji bila kukata msitu kwanza. Miti ilikufa ikaoza, vikabaki visiki, vingine vikichungulia nje na vingine vikiwa shibiri moja chini ya maji, vimechongoka kama mikuki. Wavu ukitupwa pale ulirudi matambara. Njia pekee ya kumpata jike akiwa hai na mayai yake ilikuwa nzi wa bandia na ndoana iliyosawazishwa kwa tupa isimuumize. Na samaki wakubwa hukaa katikati, kwenye kina, mahali ambapo mshipi wa mtu aliyesimama ukingoni haufiki.

Kwa hiyo tulihitaji boti. Mtumbwi wa mti haukufaa, kwani barabara iliishia kwenye chai, na kutoka hapo ulikuwa mwendo wa saa nzima kuteremka msituni kwa njia ya mbuzi. Tulihitaji boti ya kujaza upepo, ikunjwe, ibebwe, ipulizwe ukingoni. Mkuu wetu wa kituo, Ndugu Chale, mtu mwenye haraka na mwandiko mzuri, alinikabidhi mimi kazi ya kuichagua. Lilikuwa jambo la kwanza kubwa kuachiwa niliamue. Nililala na kuamka nalo.

Pale mjini Mbeya alikuwepo mfanyabiashara, Bwana Ramji, aliyeuza vipuri, mahema na pampu, na ambaye alikuwa amenunua vitu vya mlowezi mmoja aliyehama nchi. Miongoni mwake zilikuwemo boti mbili za mpira. Nilikwenda na Mzee Anyosisye. Bwana Ramji alitupulizia zote mbili uani kwake, akatuacha tuzizunguke tunavyotaka, naye akakaa kwenye kreti akinywa chai.

Ya kwanza ilikuwa maboya mawili marefu yaliyochongoka mbele na nyuma, yameunganishwa kwa fremu ya mabomba mepesi, na kiti katikati. Mvuvi anakaa juu kama yuko sebuleni, miguu inaning'inia majini, mikono iko huru kurusha mshipi. Ikikunjwa iliingia katika mfuko mmoja wa turubai. Niliuinua mgongoni, nikatembea nao uani, nikapanda ngazi za stoo nikashuka. Niliweza. Ya pili ilikuwa ya mviringo kama beseni la kuogea, mpira mnene, sakafu ya mbao, nzito, yenye sura mbaya. Ilihitaji watu watatu: wawili kwa mpira na mmoja kwa mbao.

Mzee Anyosisye hakuzibeba. Alipiga magoti akaminya mipira kwa vidole, akapaka maji ya sabuni kwenye viungo kuona kama kuna povu, akafungua vali na kuzifunga. Kisha akamuuliza Bwana Ramji kila moja ina mapafu mangapi. Bwana Ramji alielewa mara moja, na namshukuru kwamba hakuficha: ile ya mviringo ilikuwa na vyumba vitatu vya hewa, kimoja kikitoboka viwili vinabaki, ile ya maboya ilikuwa na chumba kimoja kila boya.

Mzee alisimama akafuta magoti. "Mwanangu, hii nyepesi ni ya maji matupu," akasema. "Kule kwetu kuna visiki. Ikipata tundu moja, mtu yuko majini. Chukua ile beseni."

Nilimwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwisha kufikiri. Ile nzito ingenifanya kila safari niombe wanaume watatu, na nilikuwa nimechoka kuomba wanaume. Ile nyepesi ningeweza kuibeba mwenyewe. Hata leo siwezi kuidharau sababu hiyo, ila aliyekuwa akienda kukaa kwenye kile kiti alikuwa Mzee, si mimi.

Ndugu Chale naye alipenda nyepesi. Alisema kituo kina watumishi wanne tu, akitoa watatu wabebe boti anabaki mmoja tu wa kulisha samaki. Akanipa fomu ya maombi. Sehemu ya nne iliuliza maoni ya mtumishi atakayekitumia chombo, yaani Mzee Anyosisye. Nilikuwa naijaza Mzee alipoingia, kofia mkononi, akasimama mbele ya meza yangu. Alirudia maneno yale ya dukani, polepole, kwa heshima, kama mtu anayedhani huenda hakusikika mara ya kwanza: pafu moja kila upande, na visiki. Nikamwambia nimesikia. Alipotoka nilimuuliza Ndugu Chale niandike nini. Akasema fomu yenye pingamizi huzunguka maofisini mwaka mzima na msimu unapita. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule ya misheni, uliokuwa ukisifiwa: "Hana pingamizi."

Boti ilinunuliwa. Kwa haki yake niseme ilikuwa na mambo mazuri. Ilisimama imara majini, iligeuka kwa kasia moja, na msimu wa kwanza tulipata majike wengi kuliko wakati wowote. Nililibeba lile turubai mwenyewe kuteremka bondeni, na wachuma chai walisimama kunitazama. Mzee Anyosisye aliitumia bila kulalamika. Alipewa chombo akakifanyia kazi. Kila jioni aliipaka sabuni, akatafuta povu, na palipotaka kuchubuka alibandika kiraka kwa solusheni ya baiskeli. Mimi nilichukua ukimya wake kuwa ushindi wangu.

Msimu wa pili tulifika Mufindi katika wiki ya ukungu. Mnaoujua ukungu wa kule mnajua kwamba unashuka ukakaa, kama mgeni asiyeaga. Tulingoja uinuke kidogo, na mnamo saa nne asubuhi Mzee akaingia majini. Alivaa suruali ya mpira inayofika kifuani, kwa sababu ya baridi. Mimi nilibaki ukingoni na pipa la maji la kuwekea majike. Alikuwa amekwisha kuniletea wawili. Wa tatu alikuwa mkubwa. Niliona fimbo ikipinda na mshipi ukikimbilia kwenye visiki. Alipiga kasia kumfuata ili asikate mshipi, akanyoosha mkono kuinua fimbo, na boya la kushoto likapanda juu ya kitu kisichoonekana.

Mlio wake ulikuwa mdogo tu, kama mtu anayepuliza chai. Boya likalegea, kiti kikalala upande, na Mzee akawa majini. Hakupiga kelele. Sauti yake ilinifikia ya kawaida kabisa juu ya maji: "Rita, boti imekufa."

Suruali ile ilijaa maji ikawa inamvuta chini. Aliwahi kukumbatia kisiki, akabaki hapo, kichwa na mabega nje. Nilikuwa na kamba ya mita ishirini. Nilimrushia ikaishia nusu ya njia. Niliingia mpaka kifuani, sijui kuogelea, nikateleza nikarudi. Akaniambia nisijaribu tena, niende juu kutafuta watu. Nilikimbia kile kilima chote. Wafanyakazi wa shamba la chai walikuja na mpira wa gurudumu la trekta, wakaupuliza, na mmoja wao akaupanda kifudifudi akipiga maji kwa mikono mpaka akamfikia. Mzee alikuwa amekaa kwenye yale maji zaidi ya saa mbili. Midomo yake ilikuwa ya kijivu na vidole havikufunguka. Tulimtoa akiwa bado na umbo la kukumbatia.

Tulimkimbiza kwa Landrova mpaka hospitali ya Tosamaganga, barabara ndefu, nami nikiwa nyuma nimemfunika kwa turubai la boti, maana ndilo lililokuwa kavu. Alipata homa ya mapafu. Waliomtibu walifanya kila waliloweza, na baada ya wiki nyingi alitoka akitembea, ila kifua hakikupona. Kupanda mlima wa kituo chetu alihitaji kupumzika mara tano.

Ikaundwa kamati ya uchunguzi, watu watatu kutoka nje ya kituo. Niliitwa siku ya pili. Walikuwa wapole. Mwenyekiti aliweka ile fomu mezani na kunigeuzia.

"Ndugu Rita, mwandiko huu ni wako?"

Nikasema ni wangu.

"Je, mtumishi huyu alikuwa na pingamizi lolote kabla chombo hakijanunuliwa?"

Ndugu Chale alikuwa amekaa kando ya dirisha. Hakunitazama wala hakunitisha; siwezi kumsingizia. Nilifikiria cheti changu, na mama yangu kule nyumbani aliyekuwa akiwaambia watu binti yake yuko serikalini. Nilifikiria kwamba Mzee yuko hai, kwamba la muhimu limepita. Yote hayo yalichukua muda wa kumeza mate.

"Sikumbuki vizuri," nikasema.

Kamati iliandika kwamba mtumishi aliridhia chombo kwa hiari yake, kisha akakitumia bila tahadhari katika eneo alilolijua kuwa na visiki. Mzee Anyosisye aliachishwa kazi kwa uzembe. Alikuja kurudisha koti na buti, akaviweka juu ya benchi vikiwa vimesafishwa. Aliniaga kwa mkono. Akaniambia jogoo asinyonyolewe wakati wa baridi.

Baada yake kituo kilinunua ile boti ya mviringo, ambayo Bwana Ramji alikuwa bado hajaipatia mteja. Niliitumia miaka mingi. Ilitobolewa na visiki mara ambazo siwezi kuzihesabu, na kila mara nilirudi ukingoni nikiwa mkavu, nimekaa upande mmoja. Watumishi wapya waliponiuliza namna ya kuchagua boti ya kubeba, niliwaambia yote niliyoyajua: hesabu vyumba vya hewa kabla hujapima uzito, ijaze uiache juani mchana kutwa uone kama italegea, usiibebe dukani, ibebe mlimani, na muulize atakayeikalia, kisha andika alichosema. Hilo la mwisho nililisema haraka haraka.

Sikwenda kwa Mzee. Rungwe si mbali na Mbeya, na lami ilikuwepo. Kila mwaka nilikuwa na sababu: ukaguzi, msimu, uhaba wa petroli. Nilikwenda miaka ya sabini ikiwa inakaribia kwisha, baada ya mtu kutoka huko kuniambia kuwa hali yake si nzuri.

Nilimkuta amekaa barazani kati ya migomba yake, amevaa sweta mbili. Alinipokea kama binti aliyerudi kutoka safari. Mke wake alitupikia ndizi, na Mzee akataka habari za samaki kwanza, mto kwa mto, kwa majina. Kisha akauliza sasa tunatumia boti gani. Nikamwambia ile beseni. Akauliza tunaibebaje. Nikamwambia watu watatu.

Alitikisa kichwa taratibu. "Kumbe watu watatu walikuwepo," akasema.

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya fomu, na maneno niliyoyaandika. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa. Alisema anajua, kwamba kamati ilimsomea fomu ile kitandani hospitalini, naye aliwaambia hakusema hivyo.

"Wakaniuliza nani shahidi wangu," akaendelea. Alipumzika kidogo kupata pumzi. "Nikawaambia, muulizeni Rita. Rita alikuwepo."

Sikujua. Miaka yote sikuwa nimejua kwamba swali lile la kamati lilitoka kwake. Nilikuwa nimejiambia kwamba sikumsingizia, kwamba nilinyamaza tu kwa jambo lililokwisha kupita. Kumbe alikuwa amelala kule Tosamaganga akingoja jibu langu. Nilishuka kwenye kiti nikapiga magoti kama desturi inavyotaka, nikaomba msamaha. Alinishika kichwani, akasema nisimame, chai inapoa. Hakusema amenisamehe. Wala hakusema hajanisamehe, na mimi sikuwa na haki ya kuuliza mara mbili.

Niliahidi kuandika barua kurekebisha jalada. Niliianza wiki ileile. Nikaichana, nikaianza tena, nikangoja uhamisho wa Ndugu Chale upite, nikangoja mkuu mpya azoee. Nilipoipeleka hatimaye, Mzee Anyosisye alikuwa amezikwa miezi minne. Nikajibiwa kwa ukurasa mmoja kwamba barua yangu imepokelewa, na kwa kuwa mhusika ni marehemu, shauri limefungwa.

Lakini ninyi bado mko kazini, na mnaolisoma jalada lile mnamsoma yeye kuwa mzembe. Basi mimi, Rita, nilikuwepo. Mzee Anyosisye aliikataa boti ile mara mbili nikimsikia: uani kwa Bwana Ramji, na kituoni, amesimama mbele ya meza yangu nikiwa na kalamu mkononi. Nilimsikia vizuri. Siku ile mbele ya kamati nilikumbuka kila neno.